Vuli ikinyesha sana, tega panya kabla ya masika

Wakulima wa mpunga na mboga katika mabonde ya Dar es Salaam, iwe Msimbazi au Mzinga, wengi huanza kuhangaika na panya wakishaona mashina yamelala. Hapo mmechelewa. Wingi wa panya shamba mnaowaona leo ulitengenezwa miezi iliyopita, na mvua ya vuli pamoja na nyasi za kando ya shamba.

Panya shamba hazai ovyo mwaka mzima. Husubiri mvua ioteshe majani machanga; akishayala ndipo mwili wake unakuwa tayari. Mimba hukaa siku 23 hivi, na uzao mmoja unaweza kufika watoto 10 na zaidi. Mwaka wa kawaida kuzaana hupamba moto masika ikishakolea. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ikiwa nyingi, kuzaana kunawahi, na wale watoto wa mwanzo nao wanazaa msimu huohuo. Kwa hiyo nawasihi: mwaka wa vuli kubwa, tegeni Januari na Februari, wakiwa bado wachache.

Mtego usiuweke katikati ya shamba. Bonde likijaa maji mashimo hufurika, na panya hukimbilia palipoinuka: kingo za majaruba (vile vitalu vya mpunga), vichuguu, kwenye matete, hata vibanda vyetu. Piga magoti ukingoni asubuhi, tenganisha nyasi kwa fimbo. Utaona kinjia chembamba kilicholainika kwa kupitwa, mavi madogo kama punje za mchele, na shina la mpunga lililokatwa mshazari kama kwa kisu. Tega hapohapo. Chambo cha dona iliyokandwa na siagi ya karanga kinawavuta vizuri. Kagua kila alfajiri, na usimshike aliyenaswa kwa mkono mtupu.

Ukingo mnene wa jaruba ni nyumba ya bure kwao. Usizidi sentimita 30, upana na kimo, na ufyekwe. Matete ya kando ya mto msiyamalize, maana yanashikilia udongo usiliwe na maji. Acheni tu ukanda uliofyekwa kati yake na mazao. Na mpande pamoja na majirani, tarehe zenu zisipishane zaidi ya wiki mbili, la sivyo panya wanafuata masuke shamba hadi shamba.

Kirukanjia, anayefanana na panya, mwacheni. Ana pua ndefu iliyochongoka na macho madogo sana, na chakula chake ni wadudu. Sumu za kununua barabarani ziacheni pia: bundi na paka wakila panya aliyelishwa sumu, wanakufa nao.

Jambo la mwisho linaniuma zaidi. Mkojo wa panya ukiingia majini huleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Vaeni buti, funikeni vidonda. Ukishikwa na homa baada ya kushinda majini, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na umwambie mganga kwamba unalima bondeni.