Jinsi ya kuchimbua historia ya jumba la kabaila nchini Denmark

Kabla ya yote, orodhesha majina yote ambayo jumba limewahi kuitwa. Chukua Brahetrolleborg, karibu na Faaborg, kusini mwa kisiwa cha Fyn. Mwaka 1172 palikuwa na monasteri ya Wasistersia iliyoitwa Holme. Matengenezo ya kanisa ya 1536 yalipofika, mali za watawa zikaangukia mikononi mwa mfalme, kisha mwa makabaila, na mahali pakaitwa Rantzausholm. Kabaila mmoja aliyepamiliki, Kai Lykke, aliandika barua ya kumkashifu malkia Sophie Amalie. Mwaka 1661 akahukumiwa kifo, akatoroka, waliomhukumu wakaishia kukata kichwa cha sanamu yake na kumnyang'anya mashamba. Birgitte Trolle, mjane wa Manderup Brahe, ndiye aliyepata cheo cha baroni juu ya ardhi hiyo mwaka 1672, na majina hayo mawili ndiyo yaliyozaa Brahetrolleborg. Ukitafuta nyaraka kwa jina la leo peke yake, miaka 500 yote imekupita.

Sasa acha jumba, shika ardhi. Kazi yangu ilikuwa upimaji wa ardhi hadi nilipostaafu, basi nivumilieni: kuta na minara huwafurahisha wageni, ila ardhi ndiyo iliyolipia kila tofali. Tafuta shamba kwenye daftari la ardhi la mfalme Christian V la mwaka 1688, lililotumika hadi lile la 1844 liliposhika nafasi yake. Humo utakutana na kipimo cha hartkorn, kinachohesabiwa kwa mapipa. Usikigeuze kuwa hekta. Hakipimi ukubwa, kinapima uwezo wa udongo kuzaa nafaka. Eneo kubwa la mchanga laweza kulingana na kipande kidogo chenye rutuba. Ukishakielewa, utajua uzito wa kila mtu: kwa kanuni za 1671, aliyetaka kuwa greve, cheo kilicho juu ya baroni, alihitaji mapipa 2,500 ya hartkorn, baroni 1,000.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wengi huiruka. Nenda Rigsarkivet, hifadhi ya taifa ya nyaraka, uulize kumbukumbu za mashamba makubwa, zinazoitwa godsarkiver. Omba fæsteprotokol, kitabu cha mikataba ya wakulima wapangaji. Ingizo moja kwa kawaida hutaja mpangaji mpya, aliyemtangulia, ada ya kuingia, kodi ya mwaka na siku za shokoa katika mashamba ya bwana. Mara nyingi utasoma kwamba mpangaji mpya amemwoa mjane wa yule wa zamani: mwanamke alibaki na paa, kijana akapata shamba, bwana akapata mlipaji. Mistari michache tu, na familia nzima imekaa mbele yako.

Usifuate ukoo kwa jina la mwisho. Mtoto wa Niels Hansen aliitwa Hans Nielsen, na kijiji kizima kilijaa akina Hans. Fuata nyumba: namba ya shamba haibadiliki ovyo kama majina. Mwandiko wa Kigothi utakusumbua, kwa hiyo anza na miaka ya 1800 ambayo makarani waliandika vizuri zaidi, kisha urudi nyuma kidogo kidogo. Vitabu vya parokia na sensa, ikiwemo ya 1787, vimewekwa mtandaoni bure.

Kati ya 1733 na 1788 kuna jambo la kuangalia kwa makini. Sheria ya stavnsbånd iliwafunga wanaume wa mashambani wasihame shamba la bwana wao. Mwanzoni walikuwa wenye miaka 14 hadi 36, na kufikia 1764 ilimshika mvulana tangu miaka 4 hadi 40. Kwa hiyo mtu akitoweka kwenye daftari miaka hiyo, fikiria kifo, jeshi au kutoroka kabla ya kufikiria kuhama.

Kisha uliza pesa za kujengea zilitoka wapi. Vipeperushi vya wageni huliruka swali hili, sijui kwa haya au kwa uvivu. Heinrich Carl Schimmelmann alinunua Lindenborg, huko Jutland, mwaka 1762. Mwaka uliofuata akanunua mashamba ya miwa ya mfalme katika visiwa vya Denmark vya Karibi, ambako Waafrika walifanyishwa kazi ya utumwa. Mwenye jumba unalolichunguza akiwa na mkono huko, pekua nyaraka za Vestindien, yaani za visiwa hivyo; tangu 2017 Rigsarkivet imeziweka picha zake mtandaoni kwa mamilioni.

Malizia na sheria ya 1919. Mashamba yaliyofungwa kisheria yasigawanywe yalifunguliwa: mwenyewe alilipa serikali robo ya thamani, na akatakiwa kuachia hadi theluthi ya ardhi kwa fidia, igawiwe wakulima wadogo. Chukua ramani za karne ya 19 ziitwazo høje målebordsblade, ziweke kando ya picha ya leo ya setilaiti. Ukiona safu ya nyumba ndogo zinazofanana kandokando ya barabara iliyonyooka, ambayo ramani ya zamani haina, yaelekea hapo ndipo theluthi hiyo ilipoenda. Andika namba zake za viwanja, kisha fungua daftari la hati na rehani.