“Moreover” na Wenzake Katika Aya Moja

Simu yangu huanza kulia usiku, baada ya isha. Mimi niko barazani hapa Langoni, Lamu, na vijana wetu walioko Doha, Toronto na Leeds wananitumia picha za insha zao. Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, nikastaafu. Wanafunzi ndio waliokataa kustaafu. Wengi wanajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wenye alama hadi 9. Huyu anataka chuo, yule ni muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza, ambako baraza la wauguzi, NMC, linadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hiyo nusu alama ya huruma bado haiwatoshi wengi. Kwenye kusikiliza wanapeta, kwenye insha wanakwama.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Leeds alijibu swali la mazoezi: je, magari ya watu binafsi yapigwe marufuku katikati ya miji? Mtoto aliyekulia kwenye vichochoro visivyopitisha gari, mizigo juu ya punda (bodaboda zinazotusumbua siku hizi tuziache), ungedhani swali limetungwa kwa ajili yake. Aya yake ya pili ilikuwa hivi:

“Nowadays, there are many cars in cities. Moreover, they produce smoke. Furthermore, people get sick. In addition, some old towns have no cars. Therefore, the air is clean.”

“Sasa kosa liko wapi, Mjomba?” akaniuliza kwa ujumbe wa sauti. “Viunganishi vyote nimevitia.”

Nikamwambia kosa ni hilohilo.

Insha kama hiyo, ambayo ni sehemu ya pili ya mtihani wa kuandika, hutakiwa isipungue maneno 250, unashauriwa uipe dakika 40 katika saa nzima ya kuandika, na uzito wake ni mara mbili ya sehemu ya kwanza. Husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja ni mtiririko na mshikamano. Wanaotunga mtihani wameuweka wazi mwongozo wa alama, na ajabu ni kwamba watahiniwa hawausomi. Kwenye alama 5, kurundika viunganishi kumetajwa pamoja na kuvikosea. Kwenye alama 6, viunganishi vipo lakini huenda vinatumika kimashine. Kwenye 9, mshikamano ni wa namna ambayo ni nadra msomaji kuugundua. Kwa hiyo yule anayeambiwa na wenzake “tia moreover nyingi upate alama” anapandishwa boti isiyokwenda Mokowe, gati letu la bara.

Nendeni Matondoni mkamtazame fundi wa jahazi akitia kalafati. Pamba anaipigilia kwenye maungio ya mbao, pale maji yanapoweza kupita. Hapigilii katikati ya ubao. Kiunganishi nacho ni vivyo hivyo.

Turudi kwenye aya. “Moreover” humwambia msomaji: nimekupa hoja moja, sasa pokea nyingine inayoongeza uzito upande uleule. Lakini moshi si hoja ya pili baada ya wingi wa magari, ni matokeo yake. Ugonjwa nao ni matokeo ya moshi, kwa hiyo “furthermore” imesema uongo. Na “in addition” imebandikwa mahali ambapo mwandishi anageuka na kuonyesha hali tofauti kabisa. Viunganishi vinne, na ni “therefore” peke yake iliyokaa penye kazi.

Nilimwambia aisome aya kwa Kiswahili, kwa sauti, kama anamweleza bibi yake. “Magari ni mengi. Zaidi ya hayo, yanatoa moshi. Zaidi ya hayo, watu wanaugua.” Akacheka mwenyewe kabla hajamaliza. Kwa Kiswahili angesema: magari yakiwa mengi moshi huzidi, na moshi huo ndio unaowaumiza watu vifua. Basi andika hivyo: “The many cars in our cities fill the air with smoke, which makes people ill. In an old town where goods travel by donkey and boat, the air is cleaner.” “Which” moja imefanya kazi ya “moreover” na “furthermore” kwa pamoja, tena bila kelele.

Na hapa pana jambo ambalo walimu wa huko ughaibuni hawawezi kukuambia, kwa sababu hawakijui Kiswahili. Sisi viunganishi vyetu vingi vimo ndani ya kitenzi. “Alikwenda sokoni, akanunua tasi, akarudi, akapika.” Ile “-ka-” imeshona safari nzima. Ukihamia Kiingereza mkono unatafuta “-ka-” hauipati, unaokota “and then, and then, and then”. Badala yake panga matukio kwa “after”, “before” au “once”, au uyaache yafuatane tu, msomaji ataelewa.

“-ki-” ni mtego mkubwa zaidi. “Serikali ikipandisha kodi” yaweza kuwa sharti, yaweza kuwa wakati. Kiingereza kinakulazimisha uchague: “if” ukiwa huna uhakika, “when” ukiwa una hakika kwamba itapandisha. Nimesoma insha nzuri ambazo mwandishi, bila kujua, ametangaza jambo lisilo hakika kana kwamba limekwisha pangwa, kwa sababu ya “when” moja.

Kisha kuna zile tunazozibeba kutoka nyumbani zikiwa nzima. “Ingawa alichelewa, lakini alifaulu.” Sisi husema hivyo na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakitaki zote mbili: “Although he was late, he passed”, au “He was late, but he passed”. Chagua moja. “Licha ya mvua” nayo hutuzalia “despite of the rain”, kwa kuwa ile “ya” inadai mtu wake. Ni “despite the rain” au “in spite of the rain”. Na baada ya “despite” usiweke sentensi kamili yenye kitenzi chake. Hapo rudi kwa “although”.

“Mwishowe” tunaigeuza kuwa “at last” tunapofikia hoja ya mwisho. “At last” ni ya mtu aliyesubiri boti tangu alfajiri, na sasa ameiona. Hoja ya mwisho ni “finally”. “Kinyume chake” nayo hutupotosha: “On the contrary” hukanusha wazo ambalo umetoka kulikataa, kama “A ban does not kill trade. On the contrary, it brings shoppers back.” Ukitaka tu kuonyesha upande wa pili, “on the other hand” inatosha. Kuhusu “however”, tatizo ni alama za uakifishaji tu: ikiunganisha sentensi mbili kamili, itangulizwe na nukta au nukta-mkato. Mkato peke yake hautoshi.

Mshikamano si viunganishi pekee. Kiswahili kina “hayo”, “huyo”, “hiyo”, maneno ya kurejelea lililokwisha tajwa, na Kiingereza kina “this” na “such”. “This smoke”, “such a ban”: jina limerudi likiwa na kidole kinacholiashiria, na sentensi mbili zimeshikana. Ila usiache “this” peke yake ikiwa nyuma yake kuna mambo matatu, msomaji atauliza lipi.

Mazoezi ninayowapa ni haya. Andika insha kwa dakika 35. Tano zilizobaki, tia duara kila kiunganishi kilichoanza sentensi, kisha kifunike kwa kidole usome. Maana ikibaki ileile, kifute. Ikipotea, kiache. Aya ikiwa na duara zaidi ya mbili, mimi huanza kutilia shaka, ingawa hiyo ni desturi yangu tu, si sheria ya mtihani.

Jana usiku mpwa wangu ametuma insha mpya, kuhusu kazi za nyumbani za wanafunzi. “However” moja, mahali pake. “Because” mbili. “Such tasks” imekaa vizuri mno hata nikamsomea jirani yangu barazani, ambaye Kiingereza hakimhusu. Kisha nikafika kwenye hitimisho na kukuta “Last but not least”, bila hoja yoyote nyuma yake. Nimemwandikia aifute, na kesho baada ya isha alete nyingine.