Jinsi ya kudai jambo mpaka lisikike, kwa njia ya wadada wa viwandani Lowell

Nawaandikia hasa kina mama wanaoanika dagaa kwenye miwalo yetu huku Kigoma, na wachuuzi wa mawese, na vijana wanaobeba mizigo bandarini, maana malalamiko ni yaleyale kila siku, choo hakuna, taa hakuna, ushuru umepanda na hatukuambiwa, halafu yanaishia palepale kwenye chanja, jua likizama kila mtu anabeba beseni lake anaenda kwake. Kulalamika tunaweza sana ila namna ya kudai hakuna aliyetukalisha chini akatuelekeza. Mimi nimesoma sana habari za Marekani ya miaka ya 1830 na 1840, kipindi viwanda ndo vinaanza kule, na naamini kabisa wale watu wametuachia njia ambayo mama wa mwaloni anaweza kuifuata akiwa na kauntabuku na peni tu.

Kwanza mjue walikuwa kina nani. Kuna mji unaitwa Lowell, uko jimbo la Massachusetts kando ya mto Merrimack, viwanda vyake vya nguo vilikuwa vinaendeshwa kwa nguvu ya maji ya ule mto, na wafanyakazi wengi walikuwa mabinti waliotoka mashambani, wengine watoto kabisa, wanalala kwenye nyumba za bodingi za kampuni, kengele inawaamsha, kengele inawaingiza kazini, kengele inawatoa. Kazi kama masaa 13 kwa siku. Na hawakuwa na kura, mwanamke kule alikuwa hapigi kura, kwa iyo hakuna mwanasiasa aliyekuwa na haja ya kuwaogopa. Hilo mliweke kichwani mnavyoendelea kusoma, kwa sababu nyie kura mnayo.

Mwanzoni walitumia hasira. Februari 1834 kampuni zikatangaza kupunguza mshahara, wadada kama 800 wakatoka nje wakaandamana mjini, ndani ya siku chache ikaisha, wengine wakarudi kazini kwa mshahara uleule uliopunguzwa. 1836 wakatoka tena safari hii zaidi ya 1500 kwa sababu gharama ya bodingi imepandishwa, kuna binti anaitwa Harriet Hanson alikuwa na miaka 11 tu, wakubwa chumbani kwake wanasitasita, yeye akasema mie natoka hata nikiwa peke yangu, akatangulia, wakamfuata. Huo mgomo ulidumu zaidi na kampuni nyingine zikalegea. Sisemi mgomo haufai, ila angalieni kilichokuja baadae kwa sababu ndo chenye mafunzo mengi kwetu, waliacha kutegemea siku moja ya kelele wakaanza kujenga kitu cha kudumu.

Desemba 1844 wakaunda chama chao wenyewe cha wanawake wafanyakazi, kiongozi wao Sarah Bagley, alikuwa mfumaji kiwandani. Walianza wachache sana, miezi michache wakawa mamia. Hapa ndo pa kuanzia na nyie. Msisubiri mwalo mzima ukubali, tafuteni watu watano au sita wasio na papara, mmoja awe katibu anayeandika vizuri, mmoja atunze hela, kila kikao kiwe na muhtasari na orodha ya mahudhurio hata kama mmekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Kama mna kikundi cha vicoba tayari, tumieni hichohicho, katiba ipo, watu wanaaminiana, hakuna haja ya kuanza upya.

Halafu chagueni jambo moja. Jamani moja. Wale wadada walikuwa na madai chungu nzima, mshahara mdogo, vyumba vimejaa, kulazimishwa kusimamia mashine nyingi kwa hela ileile, lakini kwenye karatasi waliyopeleka bungeni walibana kwenye kitu kimoja, siku ya kazi iwe masaa 10. Na hawakuwa wa kwanza kulisema, mwaka 1835 pale Philadelphia wapakuaji wa makaa ya mawe bandarini waligoma wakidai kazi iwe kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni na humo ndani yatolewe masaa mawili ya kula, maelfu ya mafundi wa kila aina wakaungana nao, halmashauri ya jiji ikawakubalia masaa 10 wafanyakazi wake. Vijana wa bandarini hiyo habari ni yenu, walioanzisha walikuwa wabeba mizigo kama nyie. Dai lao ukilisikia mara moja unalishika, mtoto anaweza kulirudia. Sasa barua yenye madai tisa, choo, taa, ushuru, barabara, mikopo, na polisi wanaosumbua boda, afisa anachagua lile rahisi kuliko yote anajibu hilo na faili linafungwa.

Kwenye ushahidi naomba mkae na mimi kidogo.

Februari 1845 kamati ya bunge la Massachusetts iliwaita wadada wachache waje kueleza. Mmoja aliitwa Eliza Hemmingway. Hakwenda kusema tunateseka sana waheshimiwa mtuonee huruma. Alisema anaingia kazini saa 11 alfajiri wakati wa kiangazi anatoka saa 1 jioni, kifungua kinywa wanapewa nusu saa na chakula cha mchana dakika 45. Akasema kwenye chumba anachofanyia kazi, kukiwa na kazi ya usiku, zinawashwa taa ndogo 293 na kubwa 61, na mle ndani wako wanawake kama 130, wanaume 11 na watoto 12. Taa za moto zile. Yeyote aliyewahi kukaa na koroboi tano kwenye banda lisilo na dirisha anaelewa hewa ya mle ndani ilikuwaje, hahitaji kuambiwa neno lingine. Huyu mama alihesabu taa, na ndo maana mpaka leo miaka 180 imepita tunaweza kusimama mle chumbani na yeye.

Mwingine ni Dorothea Dix, huyu hakuwa mfanyakazi wa kiwanda, alikuwa mwalimu. 1841 alienda kufundisha dini kwenye jela moja akakuta wanawake wagonjwa wa akili wamefungiwa humo chumba hakina moto wakati wa baridi. Hakukimbilia kupiga kelele, alizunguka Massachusetts nzima jela kwa jela na nyumba za maskini, na daftari mkononi, akaandika mji kwa mji, mji wa Lincoln mwanamke mmoja ndani ya kizimba, mji wa Medford mmoja amefungwa minyororo na mwingine amekaa kwenye kibanda kidogo miaka 17. Januari 1843 ripoti yake ikaingia bungeni, ilipelekwa na mwanaume kwa niaba yake, na bunge likakubali kupanua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Wakubwa wa ile miji walikasirika sana wakasema anatukashifu. Lakini kizimba kipo na mtu yumo ndani yake, utabisha nini.

Kwa iyo nyie msiandike "mazingira ya kazi ni magumu". Hilo neno kila barua inalo. Chukueni wiki mbili mhesabu. Alfajiri mitumbwi ikirudi kina mama wangapi wako mwaloni, choo cha karibu kiko hatua ngapi na kinafunguliwa saa ngapi, mwezi huu mvua imenyeshea dagaa mara ngapi na kila mara zimeharibika ndoo ngapi na ndoo ilikuwa inauzwa bei gani siku hiyo, nani aliteleza gizani akaumia, lini. Piga hesabu ya hasara kwa shilingi. Kama mnalipa ushuru tunzeni kila risiti, zibandikeni kwenye kauntabuku kwa tarehe, maana mkionyesha mmelipa kiasi gani kwa miezi sita halafu mkauliza taa moja inagharimu bei gani, hapo mmeongea lugha ya ofisini. Na namba msizikuze. Mkisema mia tatu na afisa akija asubuhi akahesabu mia na ishirini, hata yale ya kweli hatayaamini tena.

Sahihi nazo zina utaratibu wake. Wale waliokuwa wanapinga utumwa, chama chao kikubwa kiliundwa 1833, waligundua maneno yakiwa mafupi sahihi zinakuja nyingi, wakachapisha fomu za sentensi chache tu na chini kuna nafasi ya majina, wanawake wakazipitisha nyumba kwa nyumba. Zile karatasi zikaenda Washington kwa wingi mpaka 1836 Bunge la nchi likapitisha kanuni kwamba maombi yote ya habari ya utumwa yawekwe pembeni bila kusomwa. Mzee John Quincy Adams, aliyewahi kuwa rais kisha akarudi kuwa mbunge wa kawaida, alipigana na ile kanuni miaka minane mpaka ikafutwa Desemba 1844. Na kuzuia kule kuliwasaidia wapinga utumwa, maana watu wasiojali kabisa utumwa waliona sasa na haki yetu ya kuomba imeguswa wakaanza kusaini.

Nyie fomu yenu iwe hivi, juu sentensi tatu, sisi ni nani, tatizo ni lipi, tunaomba nini na kufikia lini. Chini jina, mtaa, kazi, sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba na anayemuandikia amsomee kwanza kile anachosaini, yani asomewe yote. Usimsainie mtu hata akikwambia nisainie tu nina haraka. Msiwaache wavuvi na wenye mitumbwi, na mke wa mwenyekiti kama anauza mawese hapo naye asaini. Lowell na miji jirani walikusanya zaidi ya sahihi 2000 kwa lile ombi la 1845, kwa kuzungukia bodingi jioni baada ya masaa 13 ya kazi, kwa hiyo la muda hatuna tusiliseme.

Mjue pia mlango wa kugonga. Kwetu unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha diwani ambaye ndo atalibeba kwenye baraza la madiwani. Msiruke ngazi, maana wa juu atawarudisha chini na miezi miwili imeshaenda. Kila mnapopeleka, bebeni kopi mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, au waambieni wasaini kwenye dispachi yenu. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa, ofisini itaambiwa haikufika.

Na jibu la kwanza likija baya msishtuke. Ile kamati ya Massachusetts, mwenyekiti wake William Schouler, mbunge wa hapohapo Lowell, ilienda kutembelea viwanda ikaona maua na majani mazuri nje, ikarudi ikaandika kwamba ni kweli kuna mabaya ila dawa yake haiko kwetu. Wale wadada walipitisha azimio la kumlaani Schouler, wakaanza, wasio na kura wale, kuzungumza na wenye kura, na uchaguzi uliofuata mwaka uleule 1845 akashindwa. Mwaka uliofuata wakapeleka ombi tena, na sahihi zilikuwa nyingi kuliko za kwanza. Wakati huohuo wakawa na gazeti, Voice of Industry, wakashika mpaka mitambo ya kulichapa, kwa sababu magazeti ya mjini yalikuwa upande wa kampuni. Sisi tuna grupu za whatsapp na redio za hapahapa Kigoma, lakini peleka redioni kile kilichopo kwenye kauntabuku tu, usiende kutukana mtu kwa jina, ukitukana habari inakuwa ni tusi lako na choo kinasahaulika.

Kuna jambo moja lazima niliseme hata kama linauma. Ile pamba waliyokuwa wanasokota Lowell ilivunwa na watumwa kusini, na viwanda vingine vya hapo vilifuma kitambaa cha bei rahisi cha kurudi kuwavisha haohao watumwa. Baadhi ya wadada waliliona hilo wakasaini maombi ya kupinga utumwa, wengine walinyamaza. Basi mkidai taa za mwaloni kumbukeni na yule binti anayepara samaki kwa ujira wa siku kwenye chanja zenu wenyewe, muulizeni naye anataka nini, muandike.

Mkutano mkubwa muuitishe mkishakuwa na ushahidi. Elizabeth Cady Stanton na Lucretia Mott na wenzao walitangaza mkutano wa haki za wanawake kwenye mji wa Seneca Falls, jimbo la New York, siku chache tu kabla, kwenye gazeti la pale, tarehe 19 na 20 Julai 1848 watu kama 300 wakaja, na tamko lilikuwa limeshaandikwa tayari, wakalisoma kipengele kwa kipengele wakabishana, lililowashinda kukubaliana wote ni kura kwa wanawake, mpaka Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, akasimama kulitetea likapita. Wakasaini wanawake 68 na wanaume 32. Kwa hiyo nendeni na karatasi iliyoandikwa, watu wairekebishe, maana ukiitisha mkutano uulize tu "jamani tufanyeje" mtatoka hapo saa kumi na mbili hamna kitu.

Mwisho ni siku mkiambiwa ndio. Jimbo jirani la New Hampshire 1847 walipitisha sheria ya masaa 10, watu wakafurahi, kumbe ndani kuna tundu, mfanyakazi akisaini mkataba wa peke yake anaweza kufanyishwa zaidi, na kampuni zikachapa ile mikataba harakaharaka na aliyekataa kusaini akakosa kazi. Massachusetts kampuni za Lowell zilishusha mpaka masaa 11 mwaka 1853, na sheria ya masaa 10 kwa wanawake na watoto ikaja 1874, wengi wa waliosaini 1845 walishaondoka viwandani zamani. Kwa hiyo barua ya majibu ikija isomwe yote kwa sauti kikaoni kabla mtu hajapiga vigelegele, na katibu aulize mbele ya watu, kazi inaanza tarehe ngapi, hela inatoka fungu gani, nani anasimamia, na isipofanyika tunarudi kwa nani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, waliohudhuria wasaini, kopi moja ibaki kwa katibu na nyingine akae nayo mweka hazina nyumbani kwake.