Somo: Panchi yenye gesi kwa sikukuu, kwa msingi wa munanansi (kinywaji cha maganda ya nanasi yaliyochemshwa)

Salaam wapishi wenzangu. Desemba imeingia, na kila nyumba hapa Kampala kuna mtu anayepiga hesabu ya kreti za soda. Leo nawashauri mzipunguze kwa nusu. Panchi ikitengenezwa vizuri inatosha watu wengi, inapendeza mezani, na mgeni anakunywa kitu ambacho hakipati katika duka la mtaani kwake.

Panchi nyingi za sherehe zetu zina kasoro mbili. Kwanza ni maji matamu yenye rangi: unga wa juisi, soda, vipande vya tikiti vinavyoelea, basi. Pili, zimechanganywa tangu asubuhi, na zikimfikia mgeni saa tisa hazina hata kiputo kimoja. Kasoro ya kwanza inatibiwa na msingi mzito, yaani ile juisi kabla haijatiwa soda. Ya pili inatibiwa na baridi, na kwa kumzuia yule shemeji anayetaka kufungua chupa zote kabla wageni hawajashuka kwenye boda.

Msingi wangu ni munanansi. Hakuna haja ya kutafuta juisi za makopo wakati Kayunga na Luweero zinatuletea mananasi matamu kiasi hiki, na maganda tunayatupa.

Mahitaji, kwa watu 20 hivi, kila mmoja glasi mbili:

Mananasi makubwa 3 yaliyoiva
Pasheni 20 (sokoni ukisema obutunda utaeleweka haraka zaidi)
Ndimu 6
Tangawizi mbichi, gramu 200
Karafuu 8 na vijiti 2 vya mdalasini
Majani ya chai, vijiko 2 vya chai
Maji lita 4
Sukari nusu kilo ukitumia maji ya gesi yasiyo na sukari. Robo kilo ukitumia Sprite au Stoney
Soda au maji ya gesi, chupa 2 za lita 2

Mimi huchanganya: chupa moja ya Stoney, moja ya maji ya gesi. Stoney inaipa nguvu tangawizi, maji ya gesi yanapunguza utamu. Wenye watoto wengi nyumbani watataka Sprite, sawa, ila hiyo sukari ipungue kweli. Soda peke yake ina sukari ya kutosha.

Hatua ya kwanza, siku moja kabla. Osha mananasi kwa brashi na maji mengi, maana maganda ndiyo tunayoyapika. Menya, toa ule moyo mgumu wa katikati. Maganda na mioyo viende kwenye sufuria pamoja na maji, tangawizi uliyoiponda bila kumenya, karafuu na mdalasini. Yakichemka, punguza moto. Kwenye sigiri, punguza mkaa au fukia kwa majivu kidogo. Acha dakika 30 hadi 40. Utajua imekuwa tayari pale harufu itakapowaleta majirani wakiuliza unapika nini.

Epua, tia majani ya chai, funika dakika 5, kisha chuja mara moja. Chai hapa haitafuti rangi tu. Inaleta ukakasi kidogo mdomoni, ule unaozuia kinywaji kuwa kama sharubati ya dawa ya kikohozi. Ikikaa zaidi ya hapo inakuwa chungu.

Sukari tia sasa, munanansi ikiwa bado moto, koroga mpaka iyeyuke yote. Hili ni la lazima. Punje ya sukari ikianguka kwenye soda, gesi inakusanyika juu yake na kukimbia. Umewahi kuona mtu anaongeza sukari kwenye bakuli la panchi, povu likapanda hadi mezani? Gesi yote ya sherehe ndiyo ile imeondoka.

Hatua ya pili. Nyama ya mananasi mawili isage kwenye blenda, chuja. La tatu likate vipande vidogo, uvigandishe kwenye friza. Hivi ndivyo vitakavyoelea. Pasheni zichote kwa kijiko kwenye chujio, uzisugue kwa mwiko mpaka zibaki mbegu kavu. Ukitumia blenda, igeuze mara mbili tatu tu, kwani mbegu zikivunjika utapata chembe nyeusi na uchungu. Kamua ndimu. Munanansi ikipoa kabisa, changanya vyote kwenye ndoo safi ya chakula yenye mfuniko, uweke kwenye friji.

Onja. Msingi unatakiwa uwe mkali, mtamu na mchachu kuliko unavyopenda. Kama unaweza kuunywa hivyo hivyo kwa raha, basi ukitiwa soda utapwaya. Ongeza ndimu kabla ya kuongeza sukari. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu.

Hatua ya tatu ni barafu. Chemsha maji, yapoe, yamimine kwenye kopo la aiskrimu au bakuli, tupia vipande vya ndimu na mbegu chache za pasheni, gandisha usiku kucha. Nataka bonge moja kubwa, si vipande vidogo vya trei. Bonge linayeyuka polepole kwa sababu sehemu yake inayogusa kinywaji ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wake. Vipande vidogo vinaisha upesi, na panchi yako inageuka maji kabla ya hotuba ya tatu.

Hatua ya nne: kila kitu kiwe baridi sana. Msingi, soda, barafu, hata bakuli lenyewe. Gesi iliyo ndani ya soda ni kaboni dayoksaidi, na inakaa vizuri ndani ya kitu baridi. Maji ya nyuzi 0 hushika karibu maradufu ya gesi ambayo maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika. Ndiyo maana soda ya moto ukiifungua inakurukia usoni, halafu ndani haina kitu. Ukimimina soda baridi kwenye juisi ya vuguvugu, matokeo ni yale yale.

Hatua ya tano, kuchanganya. Lini? Si wageni wanapoanza kufika. Sote tunajua kadi ikisema saa nane, watu wanaingia saa kumi, na mshereheshaji bado anajaribu maikrofoni. Changanya mtu anaposimama kuombea chakula. Weka msingi kwenye bakuli, weka bonge la barafu, kisha mimina soda taratibu ukiinamisha chupa ili iteremke ubavuni mwa bakuli. Koroga mara moja tu kwa upawa, kutoka chini kwenda juu. Tia vipande vya nanasi vilivyoganda na majani machache ya nanaa ukiwa nayo. Kipimo ni msingi kiasi na soda kiasi hicho hicho, au soda pungufu kidogo.

Usichanganye yote. Tengeneza nusu, ikikaribia kwisha, fungua chupa nyingine. Waliochelewa nao wapate mapovu.

Maswali ya wanachama

Hajati wa Bombo: Mwalimu, asante kwa somo. Munanansi ikilala haigeuki pombe? Nataka kuitumia Idd.

Hajati, shikamoo. Ikiachwa nje kwenye joto, ndiyo, inaweza kuchachuka. Ganda la nanasi lina hamira ya asili. Kuchemsha kunaiua, lakini ukishasaga nyama mbichi ya nanasi na kuichanganya, hamira nyingine inaingia, na sukari ipo ya kutosha kuilisha. Kwa hiyo ikipoa iingie friji siku hiyo hiyo, na itumike ndani ya siku mbili. Ukiona mfuniko umevimba, inatoa mapovu yenyewe kabla hujatia soda, au inanuka kama tonto (pombe ya ndizi), imwage. Ukitaka usalama zaidi, nyama ya nanasi nayo ichemshe pamoja na maganda. Hukumu ya kidini nawaachia masheikh, mimi naishia jikoni.

Kaka wa Gulu: Sina friji, na umeme wetu mnaujua.

Pika asubuhi ya siku yenyewe. Nunua barafu, ila uliza imetengenezwa kwa maji gani. Ile ya kuhifadhia samaki, hata ikiwa nyeupe namna gani, isiingie kwenye kinywaji. Inafaa kwa kazi nyingine: iponde, iweke kwenye beseni kubwa, nyunyiza chumvi ya mawe, mwaga maji kidogo, zamisha humo chupa za soda na ndoo ya msingi iliyofungwa barabara. Chumvi inashusha joto la yale maji chini ya nyuzi 0, na chupa zinapoa haraka kuliko kwenye friji. Kabla ya kufungua, zifute kwa kitambaa safi, hasa shingoni.

Mama wa Ntinda: Naweza kutia aiskrimu juu? Niliona kwenye harusi, ikanivutia.

Unaweza, lakini si juu ya nanasi bichi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Baada ya muda mfupi maziwa yanakuwa machungu. Joto la kuchemsha linakiharibu kimeng'enya hicho, kugandisha hakukiharibu. Kwa hiyo kama lazima aiskrimu, nyama yote ya nanasi, pamoja na vile vipande vya kuelea, ipikwe kwanza. Punguza pia ndimu, kwa sababu uchachu nao unakatisha maziwa. Kusema kweli mimi siipendi. Bakuli linabaki na ukoko mweupe na picha zinaharibika.

Kijana wa Makerere: Soda ni ghali kwa mwanafunzi. Si nitie soda ya kuokea na ndimu nipate mapovu?

Mapovu utapata, ya dakika moja, na baada yake ladha ya chumvichumvi na sabuni. Hiyo waachie waoka keki. Nunua chupa moja tu ya maji ya gesi, iliyobaki iwe munanansi baridi.

Dada wa Mbarara: Tuna kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani) ya watu 150. Nazidishaje?

Hesabu glasi mbili za mililita 200 kwa kila mtu: hiyo ni lita 60. Nusu msingi, nusu soda, yaani lita 30 za msingi na chupa 15 za lita 2. Viungo vikavu usizidishe moja kwa moja; karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi, anza na nusu ya hesabu uonje. Na tafadhali, dada, msingi usilale kwenye zile sufuria kubwa za alumini za kukodi. Kupikia sawa, lakini uchachu wa nanasi na ndimu ukikaa humo usiku mzima unachukua ladha ya chuma. Hamishia kwenye ndoo za chakula au stili. Siku yenyewe weka bakuli tatu sehemu tofauti, si moja kubwa, na kila bakuli liwe na msimamizi wake mwenye upawa. Wageni wakijichotea kwa glasi zao, ndani ya nusu saa utakuta humo mifupa ya kuku.

Kaka wa Kisenyi: Na waragi, ile pombe kali yetu, kidogo je?

Isiingie bakulini. Meza moja ina watoto, Waislamu, walokole na madereva. Anayetaka ajimiminie kwenye glasi yake, kutoka chupa iliyofungwa kiwandani. Ya kienyeji isiyojulikana ilikotoka usiiguse: mwaka 2010 huko Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu.

Mzee wa Jinja: Nina kisukari. Nikae nitazame tu?

Hapana, mzee wetu. Watoe lita moja ya munanansi kabla ya kutia sukari, wakuchanganyie na maji ya gesi, ndimu na tangawizi ya ziada. Juisi ya nanasi waiache, kwa kuwa nayo ina sukari yake. Pasheni moja inatosha kuleta harufu. Hata hiyo iwe glasi moja, na kiasi chako daktari wako ndiye anayekijua.

Mama wa Entebbe: Ikibaki kesho yake, haina gesi tena. Nifanye nini?

Ikiwa ilikuwa kwenye friji na haijachotwa kwa glasi za watu, imimine kwenye vikombe vidogo, chomeka vijiti, gandisha. Watoto wataimaliza kabla ya mchana. Ile iliyokaa juani jioni nzima, mwagia migomba.