Somo: Kumtambua chiriku mwenye paji la njano, Tabora

Rangi ya njano isikudanganye. Mnana ni wa njano, kinengenenge ni wa njano. Anza na mdomo, kisha uso.

Hatua ya 1. Toka kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Darubini ya 8x32 au 8x42 inatosha (namba ya kwanza ni mara inazokuza). Ya 10x humsumbua anayeanza kwa kutikisika. Ndege akiwa ndani ya mwembe, subiri atoke: mwanga unaochujwa na majani humpaka ukijani hata asiyekuwa nao.

Hatua ya 2. Tazama mdomo. Wa chiriku ni mfupi na mnene shinani, wa kupasulia mbegu. Wa mnana ni mrefu zaidi na umechongoka. Mdomo ukiwa mwembamba na jicho lina pete nyeupe, huyo ni kinengenenge, endelea na safari yako.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Paji na nyusi ni njano, utosi na kisogo ni kijivu. Mstari mweusi hupita jichoni. Mwingine hushuka kutoka pembe ya mdomo mithili ya sharubu, na kati ya hiyo miwili shavu ni njano. Jike ana michoro ile ile, ila imefifia.

Hatua ya 4. Akiruka, tafuta kiuno cha njano kali na ncha nyeupe ya mkia. Urefu wa ndege mzima ni sm 11 hadi 13.

Hatua ya 5. Makazi. Anataka nyasi zenye mbegu na miti ya kutua, vyote pamoja: miyombo iliyo wazi, kingo za mashamba ya mahindi na tumbaku, bustani za mjini. Penye msitu mzito au mbuga isiyo na mti hata mmoja utapoteza asubuhi yako.

MASWALI

Mwanachama, Urambo: Mwalimu, wangu ana uso mweusi na anasuka kiota kinachoning'inia.
Jibu: Huyo ni mnana dume, ndugu yangu. Kiota cha chiriku ni kikombe kidogo kwenye panda ya tawi, hufungwa kwa nyuzi za buibui, na kwa kawaida hubeba mayai 3 au 4.

Mwanachama, Sikonge: Nimeona mkubwa kidogo, mdomo mnene mno, sharubu za kijani.
Jibu: Kuna chiriku mwingine wa namna hiyo. Hakikisha kiuno: chake hakitofautiani sana na mgongo.

Mwanachama, Nzega: Kiangazi naona makundi, masika wawili wawili. Wamehama?
Jibu: Hapana. Masika wanazaliana, kila jozi na eneo lake. Nyasi zikikauka wanakusanyika penye mbegu.

Mwanachama, Urambo: Wanamaliza mtama wangu!
Jibu: Wanadonoa, lakini shamba likifyekwa kwa siku chache mtafute kwelea kwelea. Mdomo wa kwelea kwelea dume ni mwekundu.

Mwanachama, Sikonge: Naweza kumnasa nimfuge?
Jibu: Bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mwekee maji kwenye sahani pana isiyo na kina, mbali na paka, atakuja mwenyewe.