Jinsi ya kusoma azimio la vita kabla halijapigiwa kura

Mfano mzuri wa kujifunzia ni azimio la Ghuba ya Tonkin, lililopitishwa na Bunge la Marekani tarehe 7 Agosti 1964. Lina vifungu vitatu tu, na juu yake ndipo vita vya Vietnam vilipojengwa.

Anza na kifungu cha mwisho. Wengi huishia kwenye utangulizi, ambako ubaya wa adui unahesabiwa, kumbe nguvu ya kisheria haiko huko. Kifungu cha 3 kilisema azimio litakoma pale Rais atakapoona eneo lina amani na usalama wa kutosha. Yaani aliyepewa ruhusa ya kupigana ndiye aamue ruhusa imeisha lini. Bunge nalo liliachiwa uwezo wa kulifuta, ila ni mbunge gani atakayethubutu vijana wakiwa mstari wa mbele? Lilifutwa Januari 1971. Dai tarehe ya ukomo, ili serikali ndiyo irudi kuomba upya.

Kisha kagua vitenzi. Rais aliruhusiwa kuchukua "hatua zote zinazohitajika" kuzima shambulio lolote dhidi ya majeshi ya Marekani na kuzuia uchokozi zaidi. Kuzima shambulio kuna mpaka. Kuzuia hakuna, kwa sababu kila kinachohofiwa kinaingia humo. Seneta Gaylord Nelson alileta marekebisho ya kubana upanuzi wa vita. Seneta Fulbright, msimamizi wa azimio, akamshawishi ayaondoe. Mwisho wa 1964 wanajeshi wa Marekani Vietnam walikuwa kama 23,000. Mwaka mmoja baadaye walifika 184,000, na 1968 walizidi 500,000. Fulbright huyohuyo, 1966, alikuwa akiendesha vikao vya hadhara vya kuhoji vita hivyo.

Ushahidi usiupokee kwa fungu. Chambua tukio moja moja. Shambulio la boti za Vietnam Kaskazini dhidi ya Maddox, meli ya kivita ya Marekani, katika Ghuba ya Tonkin tarehe 2 Agosti lilitokea kweli. La pili, lililoripotiwa usiku wa tarehe 4, halikutokea. Kapteni John Herrick, aliyeongoza Maddox na meli mwenzake, alituma ujumbe siku ileile kwamba huenda hali ya hewa iliidanganya rada na wasikilizaji wa sona, chombo cha kunasa sauti chini ya maji, walikuwa na papara. Akashauri tathmini kamili kwanza. Ndege za Marekani zikapiga Vietnam Kaskazini hata hivyo. Kwa hiyo omba ripoti ya awali kutoka eneo la tukio, kabla makao makuu hayajaipiga pasi. Uliza pia upande wenu ulikuwa ukifanya nini siku chache nyuma: mwishoni mwa Julai, boti za Vietnam Kusini zilishambulia visiwa vya Kaskazini chini ya mpango wa siri uliosaidiwa na Marekani.

Mwisho tazama saa. Baraza la Wawakilishi lilijadili kwa dakika kama 40, likapiga kura 416 kwa 0. Seneti ilikuwa 88 kwa 2. Ukiona sifuri upande wa wapinzani, jua maswali hayajaulizwa. Wawili wale, Wayne Morse na Ernest Gruening, walipoteza viti vyao 1968, mwaka uleule vita vilipowachosha Wamarekani.

Kwa msomaji wa Kenya, Ibara ya 95 inataka Bunge la Taifa liidhinishe tangazo la vita. Tanzania, kwa Ibara ya 44, Rais hutangaza kwanza, kisha Spika huitisha Bunge ndani ya siku 14. Maswali yako yamfikie mbunge ndani ya siku hizo.