Jinsi ya kumaliza vijinzi vya jikoni bila kupuliza dawa

Ninauza munanansi, yaani kinywaji cha mananasi na tangawizi, hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na jiko la biashara ndilo hilo hilo la nyumbani. Maganda ya mananasi na tangawizi iliyopondwa ni vitu vya kila siku kwangu, kwa hiyo vijinzi nimeishi navyo miaka mingi. Kuna wakati nilichoka, nikanunua dawa ya kupuliza, nikafunga madirisha na kupuliza mpaka watoto wakaenda kulala kwa jirani. Asubuhi nilifagia wafu wengi ajabu. Wiki ya pili wote walikuwa wamerudi, kana kwamba walikwenda kijijini mazikoni tu.

Dawa humuua anayeruka, haimfikii aliye ndani ya ganda. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, nzi wa matunda hutoka kwenye yai mpaka kuruka kwa siku kama 8 hadi 10, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa. Ukishajua hivyo, unaacha kufukuzana nao hewani na kutafuta leba yao iko wapi.

Hatua ya 1: Mtazame vizuri kabla ya kumpiga

Nzi wa matunda ana urefu wa milimita 2 au 3, rangi ya kahawia hafifu, macho mekundu. Huruka polepole juu ya ndizi na glasi za juisi. Nzi wa bomba ana manyoya, mabawa yamekaa kama moyo, na hushinda ametulia kwenye ukuta wa bafu. Ukimponda anaacha unga. Aliye mweusi, mwembamba, mwenye miguu mirefu, anayezungukazunguka vyungu vya maua, anazaliwa kwenye udongo wenye maji mengi. Huyo punguza kumwagilia, acha udongo wa juu ukauke, kazi imekwisha. Anayeuma ni mbu, na dawa yake ni chandarua.

Hatua ya 2: Tega

Chukua glasi, weka siki au tonto kiasi cha vidole viwili. Mimi napenda tonto, maana hawa wanafuata harufu ya kitu kilichochacha, na pombe ya ndizi inawaita kuliko siki nyeupe. Tone moja au mawili ya sabuni ya maji usiyasahau: bila sabuni nzi anatua juu ya maji, anakunywa, anaondoka zake. Sabuni inafanya maji yasimbebe, anazama. Kunja karatasi iwe kama faneli, tundu dogo liangalie chini, ikalishe mdomoni mwa glasi.

Tega glasi tatu au nne sehemu tofauti, si moja. Kesho yake, iliyokamata wengi inakuonyesha uanze kutafuta upande gani. Halafu badilisha kila baada ya siku mbili tatu. Ukiweka kipande cha ndizi ndani na kusahau wiki nzima, unakuwa umewajengea nyumba nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta wanapozaliwa

Hapa ndipo watu wengi wanashindwa, nami nilishindwa. Nilisugua jiko lote mpaka miguu ya meza, na bado walikuwepo. Siku moja jaja, yaani bibi, wa nyumba ya pili alikuja kununua munanansi, akasimama mlangoni akinisubiri nimimine.

“Mwanangu, mbona hawa wanatoka nyuma ya mlango?”

Nyuma ya mlango kulikuwa na kreti ya chupa tupu za soda. Nikainua chupa moja kwenye mwanga. Chini ilibaki soda kama kijiko kimoja, imekuwa nzito kama asali, na kwenye kioo kwa ndani vilikuwa vimeganda vijipunje vya kahawia, vidogo kuliko mchele, vingine vimefunguka upande mmoja. Hivyo ni vifuko ambamo buu hujifunga kabla ya kuota mabawa. Vilivyofunguka, mwenyewe ameshatoka, yuko kwenye ndizi zako. Karibu kila chupa ilikuwa hivyo, na mimi nilikuwa napita hapo mara ishirini kwa siku.

Basi angalia pale usipopafikiria. Gunia la viazi: ingiza mkono mpaka chini, kimoja kilichooza kinatosha. Ndoo ya maganda ya matooke unayomwekea mtu wa mbuzi, itoke nje kila jioni. Kuna kitambaa cha kupangusia sakafu kilichoachwa kibichi, chujio la juisi, nyufa za kibao cha kukatia. Chupa suuza siku ile ile. Ndizi na mananasi yakifika nyumbani yaoshe, yakaushe, yafunike kwa kitambaa cha kitenge. Chandarua cha zamani hakifai kwa kazi hii, matundu yake ni makubwa na nzi wa matunda hujipenyeza.

Baada ya usafi, usikate tamaa ukiwaona bado. Waliokuwa tayari ndani ya vifuko watatoka tu. Hesabu wiki mbili, mitego ikiendelea.

Hatua ya 4: Bomba la sinki na la bafu

Usiku paka mafuta ya kupikia ndani ya glasi angavu, ifunike juu ya tundu la maji. Asubuhi ukikuta nzi wamenata, wanazaliwa humo, kwenye ule utelezi mweusi unaoshika kuta za bomba. Jiki peke yake hupita juu ya utelezi na kwenda zake. Unahitaji brashi ndefu ya chupa, sabuni na mkono wa kusugua, kisha maji ya moto. Rudia kila siku kwa wiki moja. Ila jiki na siki usivichanganye hata kidogo, hutoa gesi inayochoma mapafu.

Hatua ya 5: Sami wa ziwani

Sisi wa karibu na Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, tuna mgeni mwingine. Mawingu ya sami, vijinzi vya ziwa, hutoka ziwani, mabuu yao yakiwa yamekulia kwenye tope la chini, na jioni hukimbilia taa. Hawaumi, na nyumbani kwako hawazaliani, kwa hiyo mitego na usafi wote huo haviwahusu. Funga madirisha kabla ya giza, zima taa ya mlangoni, wacha moja iwake mbali na nyumba iwavute huko.

Asubuhi wafagie wangali wakavu, taratibu, maana vumbi lao huwasumbua wenye pumu. Ukiwamwagia maji wananuka kama samaki wa juzi, na wateja wangu wakinusa hiyo hawanunui hata glasi moja.